Oili ya difu na gundi ya kava: chagua sawasawa, funga isivuje

Maswali ya difu, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, kwa wanaoanza ni yale yale kila siku. Niweke oili ya uzito wa 90 au 140? Imebaki oili ya daraja la GL-4 ya giaboksi, naweza kuimalizia kwenye difu ya nyuma? Gundi nyekundu au nyeusi? Na lile kubwa kuliko yote: nimefunga kava (mfuniko wa difu) jana, gundi nimepaka ya kutosha kabisa, leo asubuhi nakuta tone limening'inia kwenye bolti ya chini, nimekosea wapi? Basi naandika yote sehemu moja, kwa mwenye gari ya porini, ya matope na mchanga na kuvuka mito, anayetaka kuifanya hii kazi mwenyewe au angalau ajue fundi anafanya nini huko chini ya gari.

Shika hili kabla ya yote. Oili ya difu inaamuliwa na kilichomo ndani ya hiyo difu, sio na mtu aliyekwambia nzito ndio nzuri. Na gundi inashika kwa sababu chuma ni kisafi na kikavu, sio kwa sababu ya rangi ya tyubu wala wingi uliopaka. Ukielewa hayo mawili, hatua zote za huko chini zitakuja zenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaingia chini ya gari

- Kitabu cha gari, au namba zilizoko kwenye kile kibati cha chasi. Vibati vingi vina alama za herufi na namba za ekseli, na hizo alama ndizo zinasema uwiano wa difu yako na mara nyingi kama ni LSD (difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure peke yake).
- Oili, izidi kidogo kiasi cha kitabu. Difu nyingi za hizi gari zinakula lita 1.5 mpaka 3 na kitu, na ya mbele mara nyingi inakula pungufu ya ile ya nyuma.
- Tyubu ya gundi ambayo haijafunguliwa, yenye tarehe ambayo haijapita. Gundi iliyokaa wazi kwenye droo tangu mwaka jana iache huko huko.
- Washa mpya za nati ya kujazia na ya kumwagia, kama gari yako inatumia washa.
- Brek klina kopo mbili, matambaa yasiyoacha manyoya, kikwangulio cha plastiki, brashi ya waya.
- Seti ya soketi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), nyundo ndogo ya mpira.
- Pampu ya oili ya mkono au bomba kubwa la sindano lenye mpira mrefu.
- Beseni la kukingia, na galoni la kuhifadhia oili chafu. Isimwagwe chini wala mtaroni.
- Jeki, stendi mbili imara, na kitu cha kuzuia matairi. Jeki peke yake sio stendi. Usiingize kichwa chini ya gari iliyoshikwa na jeki tu hata kama ni "dakika moja".
- Glavu na miwani. Oili ya difu ina salfa, harufu yake ikiingia kwenye ngozi utakula nayo na kulala nayo.

Kazi yenyewe

1. Jua una difu ya aina gani.
Kuna difu ya kawaida, kuna LSD ya klachi, kuna ya gia za kujibana yenyewe kama Torsen, kuna yenye loki ya umeme au ya upepo inayofunga matairi yote mawili yazunguke pamoja. Kwa oili, ya kuogopa kuikosea ni LSD ya klachi, maana ndani ina sahani zinazosuguana na zinataka dawa yake ndani ya oili. Anza na kibati na kitabu, afu angalia kama kuna stika au kibati kidogo kwenye difu yenyewe karibu na nati ya kujazia, mara nyingi kimeandikwa tumia oili ya LSD tu.

Ukikosa vyote, zuia matairi ya mbele vizuri, inua ya nyuma yote mawili uyaweke kwenye stendi, toa gia weka nyutro, achia hendibreki, zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, hiyo kwa kawaida ni difu ya wazi. Yakienda upande mmoja, una LSD au kitu kilichofungwa. Ila hili jaribio linadanganya, LSD ya klachi iliyochoka inazunguka kinyume kama ya wazi, na Torsen nayo ikiwa hewani inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo kibati kina nguvu kuliko jaribio.

Usidhani pia ya mbele na ya nyuma ni sawa. Gari nyingi zina LSD nyuma na difu ya wazi mbele. Na transfa (boksi inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma) sio difu: kuna transfa zinatumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), kuna zinatumia gia oili, isome kwa jina lake kitabuni.

2. Chagua daraja kwanza, uzito baadaye.
Watu wanaanza na 90 au 140 wakati cha kwanza kuangalia ni GL. Difu nyingi za gari hizi ni za hypoid, yaani pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu) imekaa chini au juu ya katikati ya krauni (gia kubwa ya duara), kwa hiyo meno yanasuguana kwa kuteleza chini ya presha kubwa sana. Oili ya kawaida inakamuliwa pale katikati ya meno, chuma kinabaki kinagusa chuma. GL-5 ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi inayotengeneza utando juu ya meno ili yasiulane, GL-4 ina karibu nusu yake tu. Kwa hiyo difu ya hypoid ni GL-5, na lile kopo la GL-4 lililobaki lirudi kwenye giaboksi lilikotoka.

Kinyume chake nacho ni kosa. Watu wananunua ndoo ya GL-5 wanajaza gari nzima, difu na giaboksi ya gia za mkono, kisa namba kubwa lazima iwe bora. Giaboksi nyingi zina ringi za sinkro (za kulainisha gia kuingia) za shaba ambazo hazielewani na GL-5, gia zinaanza kuingia kwa ugomvi. Kama kitabu kinasema GL-4 kwenye giaboksi, ni GL-4. Ikiwa kopo limeandikwa zote mbili, GL-4/GL-5, kwenye difu ya gari inayofanya kazi ngumu mimi naacha, nachukua iliyoandikwa GL-5 wazi.

3. Sasa uzito.
Kwanza futa kichwani namba za oili ya injini, hii ni mizani nyingine kabisa. Gia oili ya 75W-90 ikiwa moto uzito wake uko karibu na oili ya injini ya 40 au 50, sio mara mbili yake.

Namba ya nyuma ndio uzito oili ikiwa nyuzi 100 za Selsiasi: 90 ni kuanzia 13.5 mpaka 18.5 kwa cSt, kipimo cha uzito wa oili, 140 ni 24 mpaka 32.5, na katikati kuna 110. Namba yenye W ni ya baridi: 75W inapimwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W nyuzi 26 chini ya sifuri, 85W nyuzi 12 chini ya sifuri. Maana yake kama gari yako haijawahi kuona barafu, 75W-90 na 80W-90 zikishapata moto zote ni 90. Tofauti utakayoipata ni kwamba 75W-90 kwa kawaida ni sinthetiki, inavumilia joto muda mrefu zaidi kabla haijachoka, na kwa mtu wa kuvuta trela au kuzama kwenye mchanga mchana kutwa hiyo ni sababu tosha ya kuichukua.

140 ina mahali pake: mzigo mzito, trela, joto kali, mwendo wa polepole wa loo renji (gia nzito za porini) kwa masaa, na kitabu kinairuhusu. Difu ya zamani iliyoandikiwa SAE 90 itaivumilia. Lakini difu za siku hizi zilizoandikiwa 75W-85, kama Toyota nyingi mpya, zimetengenezwa kwa oili nyepesi, ukiweka 140 unailazimisha krauni kukoroga uji, inakula mafuta na yenyewe inazalisha joto ambalo ulikuwa unalikimbia. Na usiweke 140 kuficha mlio. Difu inayolia inataka kufunguliwa, oili nzito itanyamazisha wiki chache huku beringi inaendelea kuisha.

4. LSD: soma nyuma ya kopo.
Oili nyingine zimeandikwa zinafaa LSD, dawa imo ndani, usiongeze tena. Nyingine hazina, unanunua dawa ya LSD kichupa peke yake unaiweka kwenye difu kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukizidisha dawa, sahani zinateleza na LSD inakuwa jina tu, ukipunguza inagonga kwenye kona. Torsen na jamii yake, pamoja na loki nyingi, hazihitaji hiyo dawa.

5. Chagua gundi kwa inachokutana nacho.
Rangi ni lugha ya kampuni. Nyeusi ya kampuni hii sio nyeusi ya kampuni ile. Soma maandishi madogo, utafute maneno mawili: gia oili. Zile dawa za salfa na za LSD zinazolinda meno ndizo zinazolainisha silikoni ya kawaida, inavimba, inaachia, kava linaanza kutoa jasho baada ya miezi. Permatex wana tyubu imeandikwa kabisa Gear Oil, na vitabu vya mafundi vya Toyota kwenye kazi za giaboksi na difu vinataja Three Bond 1281. Ukipata ya aina hizo au inayolingana nazo uko salama.

Silikoni ya shaba ni ya joto kali la egzosi, difu haifiki huko, kwa hiyo hujanunua faida yoyote. Na silikoni inayonuka siki ukiikamua, ile ya madirisha na vioo, usiipeleke kwenye difu hata kwa dharura ya mbali na nyumbani, ile siki ni asidi, inakula chuma chini ya gundi yenyewe.

Halafu kuna ile inayoganda ikikosa hewa, kama Loctite 518. Ni nzuri sana, lakini kwa chuma kinene kilichochongwa sawa pande zote mbili. Kava la bati lililokunjwa lina mabonde, pale chini hewa inabaki na ile gundi haigandi vizuri, tumia silikoni.

Gasketi ya karatasi je? Kama difu yako imekuja nayo, itumie, ikiwa kavu au na utando mwembamba sana wa gundi wa kuishikilia isianguke. Gasketi ya karatasi pamoja na gundi nene juu na chini ni moja ya sababu kubwa za kuvuja, unapokaza inateleza, inatoka nje kati ya bolti mbili, inachanika. Chagua kimoja.

6. Kagua brida kabla ya kufungua chochote.
Brida ni kale kakofia au kapaipu ka kupumulia juu ya hausingi ya ekseli. Hii hatua watu wanairuka na ndio inayowarudisha chini ya gari. Difu ikipata moto hewa ya ndani inapanuka, brida ikiwa imezibwa na matope hiyo hewa inasukuma oili kupitia sili na kava, na utalaumu gundi bure. Ikipoa inavuta, na kama umeingia mtoni difu ikiwa ya moto inavuta maji. Itoe, ioshe, pulizia, ichezeshe kwa kidole, ile ya kofia inatakiwa icheze. Kwa gari ya kuvuka maji, funga mpira mrefu uupandishe mpaka kwenye injini juu, uache nafasi ya ekseli kupanda na kushuka bila kuukata. Ni kazi ndogo inayookoa difu kuliko oili yoyote.

7. Endesha kidogo, afu uegeshe tambarare.
Dakika kumi na tano hivi, oili ipate uvuguvugu. Ikiwa baridi inatoka nusu na uchafu unabaki chini. Kiwango kitapimwa gari ikiwa imekaa sawa, kwa hiyo ukiinua, inua mbele na nyuma kwa usawa.

8. Fungua nati ya kujazia KWANZA.
Ya juu, kabla ya ya chini. Ukimwaga oili halafu ya juu ikagoma, una gari isiyo na oili na isiyoweza kuwekwa oili. Safisha matundu ya ile nati, soketi au aleni iingie mpaka mwisho, kwenye matope huwa inakaa juu juu inakula kona.

9. Mwaga, na usome kilichotoka.
Nati ya chini mara nyingi ina sumaku. Ute wa kijivu, laini kiasi kwamba ukiusugua vidoleni hupati chembe, huo ni uchakavu wa kawaida, futa endelea. Vipande unavyoweza kuvishika, sindano, au kona ya jino, simama hapo hapo, hiyo difu inataka kufunguliwa na hakuna oili ya kuiokoa. Oili nyeupe nyeupe ya maziwa ina maji. Nyeusi inayonuka kuungua imepikwa, jiulize brida, kiwango na mzigo.

Kama ulikuwa unabadilisha oili tu na kava halivuji, ruka mpaka hatua ya 14. Kava lisilovuja usilifungue kwa kutaka kuona ndani.

10. Toa kava.
Ekseli za aina ya Salisbury na Dana zina kava la bati nyuma, bolti zimelizunguka. Toyota nyingi zenye ekseli nzima ni tofauti, nyuma hakuna kava la kufungua, difu inatoka yote kwa mbele baada ya kutoa propela na kuvuta hafu shafti, na gundi au gasketi iko kule. Kanuni za kusafisha na kupaka ni zile zile ila kazi ni ya nusu siku na mzigo ni mzito, usiishushe peke yako umelala chali.

Kwa kava: legeza zote, acha mbili za juu zikiwa zimeshika nyuzi chache, afu gonga ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usipige bisibisi katikati ya kava na hausingi, ule mkwaruzo ndio njia mpya ya oili.

11. Safisha, halafu safisha tena.
Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kwangua gundi ya zamani kwa plastiki, chuma kwa brashi, ukiwa umeziba ndani kwa tambaa ili makombo yasianguke kwenye krauni. Laza kava kwenye kitu bapa kabisa kama kioo, uangalie kama matundu ya bolti yamevutwa juu na mtu aliyekaza kupita kiasi zamani, kama yameinuka yagonge taratibu kwa nyuma yarudi sawa.

Futa pande zote mbili kwa brek klina mpaka tambaa jeupe libaki jeupe. Usimalizie kwa petroli wala dizeli, zinaacha utando wa mafuta usiouona na gundi inakaa juu ya huo utando badala ya chuma.

Sasa kitu kinachowashinda wengi. Umefuta, pakavu, umegeuka kuchukua tyubu, ukirudi ukamulika kwa tochi pale chini kabisa, utaona uzi mwembamba wa oili umeshuka kutoka ndani ya hausingi umefika kwenye tundu la bolti. Ekseli zina mabomba marefu na oili inaendelea kuchuruzika masaa. Lile tone la asubuhi kwenye bolti ya chini ndio limezaliwa hapa. Inua upande mmoja wa ekseli kwanza kisha mwingine, oili ya kwenye mabomba itoke, ukiweza acha ilale usiku mzima. Ukishindwa, weka tambaa limekunjwa ndani pale chini linyonye, na ulitoe sekunde ya mwisho. Lihesabu lisibaki ndani!

12. Paka.
Kata ncha ya tyubu upate uzi wa milimita 3 hivi. Paka kwenye kava, mstari mmoja usiokatika, upite upande wa ndani wa kila tundu la bolti au ulizunguke tundu lote, uishie juu ulipoanzia ukipandana kidogo. Usisambaze kwa kidole, uzi ndio unaojikandamiza wenyewe kujaza mabonde. Na usiongeze "kwa usalama": inayozidi inatoka pande mbili, ya nje unaiona, ya ndani inakatika inaenda kuogelea na krauni na beringi.

Kama kuna matundu ya bolti yaliyotoboka mpaka ndani kwenye oili, paka kidogo kwenye nyuzi za hizo bolti.

13. Funga na usubiri.
Fuata maelekezo ya tyubu yako, kuna zinazotaka ufunge mara moja na kuna zinazotaka zishike ngozi kidogo kwanza. Peleka kava moja kwa moja bila kulitelezesha, bolti zote kwa mkono, kisha kaza kwa msalaba, juu kushoto, chini kulia, raundi mbili tatu, mwisho kwa spana ya toki na namba ya kitabu chako. Kukaza zaidi kunakunja bati na kukamua gundi yote nje.

Silikoni hizi zinaganda kwa unyevu wa hewa. Ngozi ya juu inashika haraka, ndani bado ni laini, nyingi zinataka masaa 24. Hewa ikiwa kavu na ya baridi, zaidi. Zipo zinazoruhusu kujaza mara moja, basi iwe imeandikwa kwenye tyubu, sio umeambiwa.

14. Jaza.
Nati ya chini kwanza na washa mpya. Nati ya washa haitaki gundi wala tepu. Ile isiyo na washa, nyembamba mbele nene nyuma, hiyo ndio inataka tepu ya nyuzi au pesti, na isikazwe mpaka kupasua hausingi. Pampu oili mpaka ianze kutoka kwenye tundu la juu, acha itoe inayozidi, funga. Kidole kidogo ukikunja ndani kinatakiwa kigusane na oili pale pale kwenye mdomo wa tundu. Toyota nyingi zinaruhusu mpaka milimita 5 chini ya mdomo. Usiinamishe gari ili "iingie nyingi zaidi", itapanda itoke kwa brida au ipitie sili za hafu shafti iende kwenye breki.

15. Endesha, rudi, angalia.
Zunguka dakika ishirini, futa kava likauke, acha gari ilale. LSD iliyowekwa oili mpya ipeleke uwanja wazi uchore namba nane polepole mara kadhaa kila upande, oili na dawa ziingie katikati ya sahani.

Ikigoma

*Linatoa tone chini ya kava siku ya pili.* Karibu kila mara ni uzi wa oili wa hatua ya 11, au umejaza kabla gundi haijaiva. Usipake gundi kwa nje juu ya uvujaji, haishiki kitu. Mwaga, fungua, anza upya. Kabla ya hapo pulizia brek klina pote na uangalie chanzo, mara nyingi oili inatoka mbele kwenye sili ya pinioni, upepo unaipeleka nyuma, kava linaonekana ndio mwizi.

*Breki ya nyuma upande mmoja imelowa oili.* Sili ya hafu shafti, na kabla hujabadilisha sili rudi kwenye brida na kiwango. Sili mpya juu ya brida iliyoziba haitadumu. Brek shuu zilizolowa badilisha, kuziosha hakutoshi.

*Kwenye ekseli nzima ya mbele, kama ya Land Cruiser 70 au 80, ile boli ya tairi (tufe la chuma la kukatia kona nyuma ya tairi) inamwaga uji mweusi mwepesi.* Hiyo ni sili ya ndani ya ekseli, oili ya difu imeingia kwenye boli ikayeyusha grisi. Kuongeza grisi hakusaidii, na huku difu yenyewe inapungua. Fungua boli, badilisha sili, weka grisi mpya.

*Inagonga au kutetemeka nyuma ukikata kona polepole.* LSD imekosa dawa. Rudia namba nane kwanza, ikiendelea ongeza dawa kidogo kidogo ndani ya kipimo cha kopo. Ikibaki vile vile, sahani zimeisha.

*Inalia mwendo fulani tu, ukiachia mafuta mlio unabadilika.* Hayo ni meno au beringi za pinioni. Ipelekwe kwa fundi wa difu mwenye vifaa vya kupima, oili imemaliza kazi yake.

*Oili inatoka povu kwa brida.* Umejaza kupita kiasi, au maji yameingia, au umechanganya oili zisizoelewana. Mwaga yote, usijaribu kuchuja.

*Imezama mtoni juu ya habu (katikati ya tairi).* Usisubiri muda wa kubadilisha oili ufike. Gari ikikaa usiku mzima maji yanazama chini ya oili, legeza nati ya kumwagia taratibu asubuhi, na kama kuna maji ndio yatachungulia ya kwanza. Ukiona maji au maziwa, mwaga, jaza oili yoyote safi ya GL-5, tembea kilomita chache, mwaga tena, na urudie mpaka oili itoke na rangi yake ile ile uliyoimimina, ndipo uweke ile nzuri. Usiache maji humo mpaka mwisho wa wiki, beringi zinaanza kushika kutu zikiwa zimesimama.